Mama Aliukanda Mguu Wangu

Mniruhusu niseme nikiwa nimesimama. Kiti mlichoniwekea hapa mbele ya mkutano ni kizuri, asanteni, ila mimi na viti tulikosana. Nikikaa zaidi ya nusu saa, mguu huu wa kushoto huanza kunidai maelezo. Na nitasema Kiswahili, najua wazee wangependa nitumie lugha ya nyumbani, lakini leo tuna wageni, na yaliyonipata si ya Wakisii peke yao.

Mimi ni Ombati, wa Manga, mwenye kile kibanda cha kuchapa barua na kupiga fotokopi pale Nyamira mjini. Wengi wenu nimewachapia barua za kuomba kazi. Nilikuwa mtu mzima wa afya. Sikuwahi kulazwa hata siku moja. Nilikuwa napanda mlima wa Manga na mkungu wa ndizi begani, na bado napiga mluzi. Nilimwoa Moraa, huyu hapa, tukajenga katika boma la mama. Baba yangu, mzee Mogaka, alikuwa amefariki miaka mitatu kabla sijaugua.

Lazima niwaambie alivyofariki, maana ugonjwa wangu ulianzia hapo, sio mguuni. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi Nakuru. Mama alinipigia simu siku ya Jumatatu akasema, "Baba yako ana homa, anakuulizia." Nikasema nitakuja Ijumaa. Kazini hakuna kilichonizuia, nilisema tu Ijumaa kama mtu anavyosema. Baba akafa Alhamisi asubuhi. Mimi nikafika Ijumaa, vile nilivyoahidi, nikakuta turubai limeshafungwa uani na akina mama wanapika.

Hakuna aliyenilaumu. Afadhali wangenilaumu.

Sasa nifike kwenye jambo litakalowachekesha. Chekeni tu, hata mimi ningecheka. Kuna mchezo wa kompyuta ambao fundi mmoja alinijazia kwenye mashine ya kibandani. Ni wa vita vya zamani sana, kabla ya bunduki. Mna Warumi, mna Waajemi, mna watu wa Kathage na ndovu wao. Wewe ndiwe mkubwa wa wote. Unajenga miji na kuta, unafunza askari wa mikuki na wapanda farasi, unawalisha, unawapeleka vitani. Ukikosea mahali pa kuwapanga, wanakufa mbele ya macho yako, mmoja mmoja, na wanapiga kelele. Kila jeshi lina jemadari wake mwenye jina, na jina hilo unaweza kulibadilisha. Jemadari akifa, basi, amekufa. Harudi.

Mnajua sisi jina la marehemu hupewa mtoto, ili asipotee. Mimi wakati huo sikuwa na mtoto. Siku moja nikachukua jemadari mmoja, mzee mwenye ndevu nyeupe, nikamwita Mogaka.

Nilianza kwa utani. Moraa alikuwa akinikuta kibandani ananiita, "Jenerali, chakula!" Lakini polepole utani ukaisha. Nikaanza kumwonea huruma yule mzee. Nikamwondoa kwenye mapigano, nikamweka katika mji mmoja mlimani, wenye ukuta mrefu, mbali na maadui. Nikasema, kaa hapo upumzike. Asubuhi nikifungua mashine, kabla ya kazi ya mteja yeyote, namtazama kwanza kama yupo. Naona haya kulisema, lakini nilikuwa namsalimia.

Halafu maadui wakapita njia ya mlimani ambayo sikuiwekea walinzi. Wakauzingira ule mji. Walileta manjaniki za kurusha mawe, wakapanga mahema yao pande zote nne. Chakula cha ndani kilikuwa cha siku chache. Jeshi langu kubwa lilikuwa mbali, ng'ambo ya mito miwili, na kila kivuko kilikuwa na vita vyake. Nikajua la kufanya. Safari hii ningefika.

Nilianza Jumapili. Nyumbani nilisema nina mitihani ya shule ya kuchapa. Nikafunga mlango wa kibanda kwa ndani. Nilikaa kwenye kile kiti changu cha mbao, mguu wa kushoto nimeukunja chini ya paja, tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Jumatatu vivyo hivyo. Jumanne vivyo hivyo. Mvua ilikuwa inanyesha na wateja hawakuwa wengi, waliogonga niliwanyamazia. Sikunywa maji, maana maji yangenifanya niende choo. Nilipobanwa sana nilikojoa kwenye mtungi wa mafuta ya kupikia, na mkojo ulikuwa mwekundu kama chai ya rangi. Nilivuka mto wa kwanza nikiwa nimepoteza wapanda farasi wote. Kwenye mto wa pili niliacha kikosi cha mikuki kizibe njia ili wengine wapite. Niliwaacha nikijua watakufa. Nilisikia kelele zao mpaka zikaisha, nami nikawa natazama saa tu.

Jumatano jioni jeshi lilikuwa limebakiza mwendo wa siku moja kufika kwa Mogaka. Nikahifadhi mchezo, nikasimama ili niende nyumbani, na mguu ukakataa.

Shavu la mguu lilikuwa limekaza kama mpira uliojazwa upepo. Ngozi ilikuwa inang'aa, nyekundu, na moto ukiigusa. Nilipokanyaga, maumivu yalipanda mpaka nyuma ya goti. Nikapanda boda boda nikiuma meno. Njia nzima nilikuwa natafuta maneno ya kusema, kwa sababu mwanamume wa miaka thelathini na nne, mke wake ana mimba ya miezi saba, atamwambiaje mama yake kwamba mguu umeumia vitani?

Nikasema nimeteleza kwenye majani chai.

"Umeteleza wapi?" Moraa aliuliza.

"Kule chini, karibu na mto. Nilipitia shambani kwanza."

Moraa alitazama gambuti zangu pale mlangoni. Mvua ya siku nne, na gambuti zilikuwa kavu, hazina hata chembe ya tope. Mimi nikamfokea kwamba asiniangalie hivyo, alete chai.

Mama yangu aliamini. Mama huamini kila ninachomwambia, na hilo ni kosa lake la pekee. Akasema mguu ulioteguka unakandwa, damu iliyolala isambae. Baba alipokuwa akiteguka alimkanda hivyo hivyo, akapona. Lakini nani anikande? Moraa hawezi kuinama na tumbo lile. Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu, na wageni wetu mnisikilize vizuri. Sisi tuna kitu tunakiita chinsoni. Ni heshima iliyo na haya ndani yake. Mzazi na mtoto wake aliyeoa hawaonani mwili, hawagusani ovyo, hata kitandani kwake mzazi hasogei. Mama yangu ameishika hiyo heshima maisha yake yote. Tangu nilipotahiriwa hakuwahi kunigusa zaidi ya kiganja cha mkono.

Kesho yake, Alhamisi, alileta beseni la maji moto na chupa ya mafuta. Akavuta kigoda. Akasema, "Mungu anisamehe, na baba yako anisamehe." Akageuza uso ukutani, akaanza kuukanda mguu wangu bila kuutazama. Nilipiga kelele, naye akasema, "Vumilia mwanangu, damu ifunguke." Nami ningeweza kusema. Wallahi ningeweza kusema, "Mama acha, sikuteleza." Neno moja. Nikauma shuka.

Ijumaa mchana akarudia. Aliukanda kwa nguvu zaidi, kuanzia kifundoni kupanda gotini. Alikuwa bado ameushika mguu wangu nilipohisi kitu kinanichoma kifuani, upande wa kulia, kama kisu kinachoingia kila nikivuta pumzi. Nikakaa. Hewa haikutosha. Nikakohoa, na kiganjani mlikuwa na makohozi yenye damu. Kitu cha mwisho nilichokiona ni mama ameinua mikono yake miwili juu, inang'aa mafuta, anaita jina langu.

Jirani alitupeleka hospitali ya Kisii na pikapu yake. Sikumbuki njia. Nakumbuka barakoa ya hewa usoni na taa nyeupe. Walinipima damu, wakanipiga picha mguuni na kifuani. Daktari alikuwa dada mmoja mpole, sauti ya chini. Alisimama kati yangu na mama, akasema, "Damu iliganda ndani ya mshipa wa mguu. Kipande kikakatika, kikasafiri mpaka kwenye pafu. Kingekuwa kikubwa kidogo zaidi, hatungekuwa tunaongea."

Mama akauliza, "Kilikatikaje?"

"Kinaweza kukatika chenyewe. Lakini mguu wa namna hii haukandwi, mama. Haukandwi kabisa."

Hakusema kwa ubaya. Aliona mafuta mguuni, hakujua ni nani aliyekanda. Lakini nilimwona mama akiirudisha mikono yake polepole ndani ya leso.

Kisha daktari akaniuliza, "Ulisafiri safari ndefu? Ulikaa mahali pamoja kwa saa nyingi?"

Nilikuwa nimesafiri mpaka Uajemi na kurudi. Nikatikisa kichwa, hapana.

Nililala siku kumi na moja. Nilichomwa sindano za tumboni asubuhi na jioni mpaka tumbo likawa na madoa meusi. Nesi alikuwa ananisaidia kujisaidia kitandani kama mtoto, na mimi natazama dari. Na huko darini, au niseme kati ya vitanda, ndiko walikoanza kuja.

Sikuota. Nilikuwa macho, mchana, wageni wakiwa wamejaa wodini. Walikuwa wanasimama kati ya vitanda, wale wa mikuki niliowaacha mtoni. Miguu yao ilikuwa na matope. Hawakunitisha. Walisimama wakinitazama, wakingoja amri. Nesi alipita katikati yao na trei ya dawa. Na nyuma yao kabisa, juu ya ukuta, nilimwona baba. Hakuwa na ndevu nyeupe za yule jemadari. Alikuwa baba mwenyewe, na gambuti zake na koti lake la kuchumia chai, mkono umewekwa juu ya macho. Alikuwa anaangalia barabarani, jinsi mtu anavyomtazamia mgeni.

Nilimwambia daktari naona watu. Akasema ni homa na uchovu, wataondoka. Homa iliondoka, wao wakabaki.

Nikarudi nyumbani na vidonge vya kuzuia damu isigande, na soksi ndefu ya kubana ambayo kuivaa ni kazi ya watu wawili. Nikipiga mswaki fizi zinatoka damu. Nikipanda ngazi mbili nahema kama mzee. Niliambiwa nitembee, nikatembea. Lakini nitawaambia ukweli, kutembea huku kwetu hakukunisaidia kusahau. Nikiutazama mteremko wa majani chai, sioni chai. Naona mahali pa kuficha wapanda farasi. Ukungu ukishuka Manga asubuhi, nasikia tarumbeta. Kibandani nilifanya kazi, mchezo sikuufungua, ila nilijua uko mle ndani, na Mogaka yuko juu ya ukuta, chakula cha siku moja kimebaki. Hafi, haokolewi, anangoja. Nilimfanya angoje mara ya pili.

Na mama? Mama hakunigusa tena, hilo ni sawa, ni heshima. Lakini alikuwa hamgusi mtu yeyote. Kanisani watu wakinyoosha mkono kumsalimia, yeye anainamisha kichwa tu. Aliacha hata kukamua ng'ombe, akamwachia Moraa na tumbo lake. Mimi nikaona, nikanyamaza. Nikajiambia uzee.

Mtoto akazaliwa salama, mvulana. Moraa alipomleta nyumbani, tulingoja mama aje kumwogesha na kumkanda kwa mafuta, kumnyoosha viungo, kazi ambayo bibi hawezi kunyang'anywa. Mama alisimama mlangoni. Alimtazama mtoto kwa mbali, machozi yakimtiririka, mikono nyuma. Akasema ana mafua. Kesho yake akasema ana mafua. Siku ya tatu Moraa alimsogezea mtoto, na mama akarudi nyuma mpaka akagonga ukuta.

"Mikono hii?" akasema. "Mikono hii ilitaka kuniulia mwanangu. Nilivunja heshima, nikaadhibiwa. Mtafutie mtu mwingine."

Akatoka. Moraa akanigeukia. Hakuinua sauti. "Gambuti zako zilikuwa kavu," akasema. "Nimengoja miezi miwili useme mwenyewe. Sasa utamwambia mama, au nimwambie mimi?"

Nilimfuata mama jikoni. Alikuwa anapepeta nafaka ya wimbi. Nikasimama pale karibu na mlango.

"Mama, sikuteleza kwenye chai."

Akaendelea kupepeta.

"Nilikaa. Siku nne nilikaa kwenye kiti nikicheza mchezo wa kompyuta. Kuketi ndiko kulikogandisha damu. Nilikudanganya. Ningekuambia kweli ungenipeleka hospitali siku ile ile, usingeugusa huu mguu. Sio mikono yako, mama. Ni mdomo wangu."

Ungo ulimwanguka. Wimbi likatapakaa sakafuni, kuku wakaingia. Sikuwahi kumsikia mama akipiga kelele mpaka siku ile. "Miezi miwili!" akasema. "Miezi miwili nakula kwa kijiko ili nisione vidole vyangu! Nimeomba Mungu anichukue mimi! Kwa ajili ya mchezo?" Akaokota mwiko, akanipiga nao begani, mara mbili, na mimi nikashukuru. Kisha akaketi chini kwenye wimbi akalia. Alipomaliza, akajifuta uso. "Mficha maradhi kilio humfichua," akasema. "Kidogo tu kiwe kilio changu. Mchezo gani huo unaomfunga mtu siku nne?"

Nikamweleza. Sikuficha kitu, hata jina.

Mama akafukuza kuku, akaokota ungo. Halafu akasema, "Twende unionyeshe."

Tulikwenda Nyamira mchana ule ule. Mama hajawahi kukaa mbele ya kompyuta. Nikamwekea kiti, mimi nikasimama nyuma yake. Nikaufungua. Mji ukatokea, mahema pande zote, moshi.

"Yuko wapi?"

"Huyu hapa, juu ya ukuta."

Akasogeza uso karibu na kioo. Akalisoma lile jina dogo chini ya miguu ya yule mzee, herufi kwa herufi. "Na wewe uko wapi?"

"Hapa. Jeshi langu ni hili. Nimebakiza siku moja."

"Siku moja," akasema. Alielewa, sikuhitaji kuongeza neno. Alikaa akiangalia zile bendera ndogo zinazopepea. Kisha akasema, "Ombati, nisikilize. Alhamisi ile baba yako hakuwa anangoja mtu. Jumatatu alikuuliza, ndiyo. Nilipomwambia unakuja Ijumaa alisema, 'Basi vizuri,' akala uji. Alhamisi aliuliza kama ng'ombe amepewa maji. Nikasema amepewa. Akageuka upande wa pili akalala. Hakukuwa na vita. Nilikuwa nimemshika mkono."

Miaka mitatu nilikuwa na swali, na sikuwahi kumuuliza mtu aliyekuwa chumbani.

"Mtoe hapo," mama akasema. "Jina lake linahitajika nyumbani."

Nikaweka kidole kwenye herufi, nikazifuta moja baada ya nyingine. Mashine ikamrudishia yule mzee jina lake la kwanza, jina la kigeni ambalo siwezi kulitamka. Sikumwokoa. Sikupigana ile siku ya mwisho. Nilifunga mashine, nikamtoa fundi kwenye chai yake aje aufute mchezo wote, mama akiangalia.

Nyumbani mama aliosha mikono, akaipasha moto juu ya jiko, akaidondoshea mafuta. Akampokea mtoto kwa Moraa. Alianzia miguuni. Alimkanda ule mguu mdogo wa kushoto taratibu, akiutazama, akisema, "Mogaka. Mogaka. Umefika, Mogaka."

Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari, ambaye baadaye nilirudi kumweleza kweli, akacheka kidogo kisha akaniandikia ripoti upya. Namshukuru Moraa kwa kungoja, na kwa kuchoka kungoja. Na ninyi vijana mnaokaa na mashine, na ninyi wa ofisini, na madereva wa safari ndefu: simameni. Kunyweni maji. Mguu mmoja ukivimba, ukiwa wa moto na mwingine hauna kitu, usikandwe, nenda hospitali, na ukiulizwa ulifanya nini, sema ulichofanya. Uongo wangu ulikuwa wa maneno manne, na ulimkondesha mama yangu kuliko ugonjwa ulivyonikondesha mimi.

Mmeniuliza kama nimepona. Mguu huvimba kidogo jioni. Pafu liko sawa. Wale askari wa mtoni bado huja, siku za ukungu, husimama chini kwenye chai na miguu yao yenye matope, wakinitazama. Sina amri ya kuwapa. Wale niliwaua mimi, na nadhani nitaishi nao. Lakini nikitazama nyuma yao, ule ukuta hauna mtu. Mogaka yuko pale benchi la tatu, mapajani mwa bibi yake, na kama mnavyoona, mama hajamwachilia tangu niliposimama.